Rafu ya Mapenzi ya Kale

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyelishika daftari hili, nakuomba kwanza uketi mahali pasipo na mtu nyuma yako. Usisome kwa sauti. Usimsimulie mtu, hata yule unayemwamini, kwa maana naye ana wake anayemwamini. Mimi ni karani wa daraja la chini katika maktaba ya umma. Nina miaka ishirini na minne, na shahada yangu nimeitundika nyuma ya mlango ambako wageni hawaioni. Nikiipoteza kazi hii sina nyingine. Humu nitaandika mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo sauti itanikauka. Tafadhali, yaishie kwako.

Leo tumeanza zoezi la kupunguza vitabu. Barua ya makao makuu inasema kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka mitatu kiondolewe, kipelekwe kiwandani kikasagwe kiwe maboksi. Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu imebandikwa karatasi ya tarehe, na kila kikiazimwa tunagonga muhuri. Kazi yangu ni kutazama muhuri wa mwisho, kisha kuweka alama nyekundu au kukiacha.

Mkuu wetu wa maktaba sote tunamwita Mama Rafu, kwa sababu anajua kila kitabu kilipo hata akifumba macho. Amenipa rafu iliyo chini ya dirisha la nyuma, yenye kibao cha "Mapenzi ya Kale". Ni riwaya za mapenzi za zama za wafalme, ngome na farasi. Vitabu mia na kumi na tatu.

"Hiyo wanaume wote wanaikimbia," alisema. "Anza nayo uimalize."

Karani mwenzangu, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimi, alikuwa anasikiliza. "Bwana harusi!" akaita kutoka kaunta. "Ukifika kwenye kubusiana uniite, nije nikushikie miwani."

Nilicheka ili nisionekane nimeumia.

Jumanne, 4 Machi

Vitabu tisa. Vyote nyekundu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesoma kimoja nikiwa nimesimama, kisha nikaketi juu ya ngazi ya mbao, kisha nikakosa chakula cha mchana. Jemadari anauchoma mji wa baba wa msichana, anamfungia msichana mnarani, anamtukana kwa kurasa mia moja na tisini. Halafu siku moja anamfunika shuka, na msichana anagundua kwamba anampenda. Nilikasirika. Lakini niliposikia viatu vya Mama Rafu nilikificha nyuma ya shati kama mwizi. Kitabu kilicho kwenye zoezi hakiazimwi wala hakitoki, hata kwetu sisi wafanyakazi. Nimetoka nacho.

Jumapili, 9 Machi

Ninakaa na dada yangu, fundi cherehani, tangu aachane na mumewe. Asubuhi alikikuta kitabu chini ya mto wangu. Nilidhani atanicheka. Alikipeleka dirishani akachunguza jalada kama anayekagua nguo ya mteja.

"Hili gauni kashona nani?"

"Sijui, dada."

"Halina mkanda, halina kishikizo, halina mshono begani. Akipiga chafya moja tu yuko uchi." Akageuza kitabu. "Na huyu baba! Vifungo saba, hajafunga hata kimoja. Mtu wa hivi anakufa kwa kikohozi kabla ya sura ya tatu."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Kisha yeye akaacha kucheka.

"Hiki nakijua," akasema. "Nilikisoma nikiwa na miaka kumi na minne. Huyu analainika ukurasa wa mia mbili."

Nilifungua. Shuka iko ukurasa wa mia mbili na tatu.

"Mimi niliolewa nikiungoja huo ukurasa," akasema. "Alipovunja sahani nilisema bado tuko mwanzoni. Aliponivunja kidole nilisema bado. Miaka sita, mdogo wangu. Nimezifungua kurasa zote."

Akaketi kwenye cherehani, akakanyaga. Mara mbili uzi ulimkatikia.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imeanza. Inapenya juu ya rafu yangu. Nimeweka ndoo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimevipanga upya vitabu vyangu. Vilikuwa vimepangwa kwa majina ya waandishi. Nimevipanga kwa mwaka wa kuchapwa, cha zamani kushoto, kipya kulia. Nimesoma kumi na tano, vingine nimeruka kurasa. Nimeona kitu ambacho sijawahi kufundishwa darasani, nami nilikaa darasani miaka mingi.

Nimekiona kwa kutafuta ukurasa ambao mwanamume anaomba radhi.

Katika vile vya kwanza haombi. Hakuna ukurasa huo. Anaoa tu, na ndoa yenyewe ndiyo inakuwa msamaha. Miaka kama ishirini baadaye anaanza kuomba, lakini ukurasa wa mwisho, tena akiwa na jeraha la upanga na damu inavuja, mwanamke asiweze kukataa. Majalada nayo yanabadilika: gauni linapata mabega, mwanamume anapata vifungo. Dada nilipomweleza alisema, "Kumbe walipata fundi."

Natamani kuendelea mpaka mwisho wa rafu. Wenye rafu nyingine wana vitabu. Mimi nina ngazi, kila kitabu kikipanda juu ya mabega ya kile kilichotangulia na kukikosoa. Ukitoa kimoja, cha juu yake hakieleweki kinamjibu nani.

Jumatano, 19 Machi

Lori la kiwanda linakuja Ijumaa. Kwa sheria ya miaka mitatu, ngazi yangu inabaki na vitabu vinne.

Alhamisi, 20 Machi

Nimefanya jambo. Naliandika lote, kwa utaratibu, maana nisipoliandika leo kesho nitaanza kujidanganya.

Saa sita Redio alikwenda kula. Mama Rafu alikuwa kwenye mkutano wa makao makuu, kule anakokwenda kila mwezi kuwaomba wasitufunge, kwa kuwa hesabu yetu ya wasomaji inashuka. Muhuri wa tarehe una magurudumu manne madogo ya mpira: siku, mwezi, mwaka, na namba ya maktaba. Unayazungusha kwa ukucha. Nilikaa nyuma ya rafu nikayarudisha nyuma, nikagonga tarehe za uongo katika vitabu arobaini na moja, vile ambavyo bila hivyo ngazi haisimami, tarehe mbilimbili, tatutatu, kama kwamba watu walikuwa wakiviazima.

Nilikuwa mwangalifu sana. Nilikuwa na kalenda za zamani nikakwepa Jumapili zote na sikukuu zote. Nilibadilisha wino kidogo. Na nilichagua tarehe za mwaka juzi tu. Naandika na sababu yake: mwaka juzi nilikuwa bado sijaajiriwa. Nilitaka ngazi ibaki, na siku ikigundulika, isiwe mimi.

Niliona nina akili. Mikono ilinuka wino mpaka jioni.

Dada nilimweleza kuhusu vitabu, si kuhusu muhuri. Nilimwambia nimevinusuru. Akauliza, "Na kile cha jemadari?"

"Nacho."

"Hicho ungewapa waende nacho."

"Dada, nikikitoa hicho, msichana mwingine ataanzia katikati. Hatajua haya mengine yanapinga nini."

"Au ataanzia katikati na mifupa yake mizima," akasema.

 

Ijumaa, 21 Machi

Lori limekuja. Vitabu vyangu vile arobaini na moja havikupanda.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Ninasoma vile vya kati. Sasa wanawake wana kazi: mmoja mkunga, mmoja anachapa magazeti, mmoja anatengeneza saa za mahakama. Mwanamume anauliza kabla ya kumshika mkono. Radhi imeshuka kutoka ukurasa wa mwisho mpaka theluthi ya mwisho, na haombi akiwa anavuja damu. Anaomba amesimama, mzima, na mwanamke anaweza kumfungia mlango. Wawili wamefunga.

Jumatano, 2 Aprili

Mkaguzi amekuja kutoka makao makuu. Ni mtu mpole, ana mwavuli mrefu na sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Amesema hesabu za rafu yetu ya nyuma zimemfurahisha, akaomba avione vitabu. Nilimbebea mwenyewe. 

Alifungua karatasi za tarehe moja baada ya nyingine. Kisha akatoa kwenye mkoba daftari la mahudhurio la mwaka juzi.

"Mama," akamwambia mkuu wetu, "kuanzia tarehe tano Juni mpaka ishirini na mbili Agosti maktaba hii ilifungwa. Paa lilikuwa chini, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Wiki kumi na moja. Hapakuwa na msomaji, hapakuwa na karani. Alikuwa anaingia mtu mmoja tu, wewe mwenyewe, kufungulia mafundi. Sasa hizi azima thelathini na tatu za Juni, Julai na Agosti, nani aliazima?"

Nilisimama na mkokoteni wa vitabu. Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu paa. Nilikwepa Jumapili zote, nikaangukia wiki kumi na moja ambazo nyumba nzima haikuwa na kichwa.

Mama Rafu alivaa miwani. Alitazama karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaninyanyulia macho, mimi, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akayarudisha.

"Ufunguo wa sanduku la muhuri ulikuwa kwangu," akasema.

Mkaguzi aliandika. Mimi nilikuwa hapo. Ulimi nilikuwa nao.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama Rafu amebakiza wiki tisa astaafu. Leo amepewa barua ya kusimamishwa. Shauri litasikilizwa baada ya mwezi na nusu, na likimwelemea atafukuzwa: hakuna kiinua mgongo, hakuna barua ya shukrani, na jina lake litabandikwa ubaoni katika kila maktaba kama mghushi.

Nilimfuata stoo alipokuwa anakusanya vitu vyake. Nilifunga mlango. Nilisema, "Mama," kisha sikusema kitu.

"Nimegonga muhuri miaka thelathini na moja," akasema bila kugeuka. "Muhuri wangu unasimama wima. Wako unainama kushoto, kama mtu anayechungulia. Nilikuambia tangu mwezi wa kwanza uukaze mkono."

"Mama, mimi nita..."

"Wewe utanyamaza. Sikiliza. Mimi nimebakiza wiki tisa, wewe umebakiza miaka thelathini na sita. Hesabu hiyo hata Redio anaiweza." Akafunga kikombe chake kwenye kanga. "Kwa nini ile rafu, lakini? Ungeokoa sayansi, ningeelewa."

Nilimweleza. Ngazi, kurasa za radhi, mkunga, mtengeneza saa. Nilieleza vibaya, kwa haraka. Akaketi juu ya boksi.

"Unadhani nani aliileta hiyo ngazi?" akasema. "Kila mwaka makao makuu waliniruhusu niagize kitabu kimoja au viwili kwa hiari yangu. Wenzangu waliagiza kamusi. Mimi niliagiza hivyo. Walinicheka, mama mzima. Nilikuwa nataka kuona watu hawa wataacha lini kupigana na kuanza kuzungumza." Akanifuta kitu begani, uzi nadhani. "Umeshafika vile vya mwisho?"

"Bado."

"Basi nenda kasome. Na usilie kazini."

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Sikusema.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Sikusema.

Jumanne, 8 Aprili

Ndoo ilijaa nikaimwaga mara tatu. Sikusema.

Jumatatu, 14 Aprili

Kila anayeingia anauliza Mama yuko wapi. Redio ndiye anayejibu: "Likizo." Nilitegemea angetangaza mji mzima. Leo amenikuta peke yangu.

"Umekwenda kumwona?"

"Bado. Mvua."

"Mvua," akarudia. "Mimi juzi nimembebea maboksi yake sita, kwa miguu, na mvua hiyo hiyo. Mama wa watu amekaa sebuleni hajui aweke wapi mikono yake. Anauliza habari zako wewe. 'Kijana anakula?' Wewe!" Akanitazama vizuri. Sijawahi kumwona Redio akiwa hana cha kuchekesha. "Bwana, wewe unaumwa?"

Nikasema ndiyo, tumbo. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikimdharau mtu huyu kwa sababu anasema kila kitu.

Jumapili, 20 Aprili

Nimemaliza kitabu cha mwisho upande wa kulia. Kimechapwa miaka miwili iliyopita. Jalada lake lina mikono miwili tu juu ya meza.

Mwanamume ni mchora ramani wa mfalme. Kwa woga amesogeza mpaka wa mashamba kwenye ramani, na mwanamke, mkulima mjane, amepoteza kisima chake. Anaomba radhi ukurasa wa mia na arobaini. Kitabu kina kurasa mia tatu na kumi. Nilirudi kuhesabu mara mbili, nikidhani nimekosea. Amebakiza kurasa mia na sabini akiwa ameshasema. Na katika kurasa hizo hakuna panga. Ni kwenda mbele ya baraza, kudharauliwa, kuchora upya, kuchimba. Mwanamke hasemi nimekusamehe. Anasema, "Nimesikia," kisha anampa jembe.

Nilimsomea dada. Alikuwa anapinda suruali ya mteja, sindano mdomoni. Nilipofika kwenye jembe akatoa sindano.

"Huyo ningemfikiria," akasema. "Si kumpenda. Kumfikiria."

Kisha nikamwambia kuhusu muhuri. Tarehe zote, na kwa nini nilichagua za mwaka juzi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikupata hata kofi moja.

"Kwa hiyo siku ya leo," akasema polepole, "kuna mwanamke amekaa ndani kwa ajili yako, anasema bado tuko mwanzoni."

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda makao makuu. Nilipanda ngazi mara mbili nikashuka mara mbili. Mara ya tatu mlinzi aliniuliza kama ninafanya mazoezi.

Mkaguzi alinipa kiti. Nilisema yote. Alinisikiliza akichezea mpini wa mwavuli, na nilipomaliza akatabasamu kwa huzuni, jambo ambalo sikulitegemea.

"Kijana," akasema, "tarehe hizi hukuwa umeajiriwa."

"Ndiyo maana nilizichagua, mheshimiwa."

"Hukuwa na ufunguo. Hukuwa na kitambulisho. Jina lako halimo popote mwaka juzi. Yeye amekiri kwa maandishi, wewe unakuja na maneno." Akasimama. "Mama yule amelea makarani wengi. Wewe ni wa tatu kuja hapa kubeba mzigo wake. Huruma yako nimeipokea. Rudi kazini."

Wa tatu. Wa kwanza simjui, wa pili ni Redio, alikwenda akadanganya kwamba ni yeye. Nimejua baadaye, kwa kumuuliza. "Nilifikiri wataamini," akasema, "mimi si ndiye mpumbavu wa ofisi?"

Jumatano, 23 Aprili

Nilikwenda kwa Mama Rafu mchana. Nilimwambia nimesema na sijaaminiwa. Alikasirika sana, akaniita mjinga, akaniambia nimemharibia hesabu yake. Sikuomba anisamehe, niliona hilo nalo lingekuwa kumwongezea kazi. Nilisema tu ni mimi, na kwamba nilizichagua tarehe zile ili niwe salama.

Hilo la mwisho hakuwa amelijua. Alifikiri ni bahati mbaya tu. Uso wake ulibadilika, nami nilikaa nikautazama ukibadilika.

"Nimesikia," akasema.

Hakunipa chai. Hakunipa kitu chochote cha kushika.

Alhamisi, 24 Aprili

Mheshimiwa Mkaguzi, ulitaka kitu zaidi ya maneno. Humu mna siku niliyogonga, saa niliyogonga, idadi ya vitabu na sababu ya tarehe, vyote vimeandikwa wiki mbili kabla wewe hujafika kwetu na mwavuli wako. Mwandiko utaulinganisha na fomu zangu za zoezi. Muhuri ulioinama kushoto utaulinganisha na azima zote nilizogonga tangu niajiriwe. Muhuri wa Mama umesimama wima tangu kabla sijazaliwa. Sijachana ukurasa hata mmoja, hata zile ninazotamani usingezisoma. Ya dada yangu nimemwomba ruhusa. Amesema, "Mpe, na jina la shemeji yako ungeliandika ningefurahi."

Ninaliacha daftari kwa mlinzi wako, ndani ya bahasha ya kahawia. Kazini sitakuwepo, nimeandika barua ya kujisimamisha mwenyewe, nakala iko ndani. Nyumbani kwetu ni mtaa wa nyuma ya ofisi ya posta, jengo lenye mlango wa kijani uliopasuka, ghorofa ya pili. Usipige simu, mvua imeharibu laini. Usibonyeze kengele, haijalia tangu tuhamie. Ukipanda utasikia cherehani. Mlango ni huo. Gonga kwa nguvu, kwa sababu dada akikanyaga hasikii.

Njoo siku yoyote kabla ya shauri. Kuanzia saa mbili asubuhi nitakuwa nimeshavaa viatu.